Kamera Mbili Juu ya Kaunta

Dundee, Jumanne, mvua inakuja kwa ubavu.
Nimetoka zamu ya usiku, sare bado chini ya koti,
viatu vinalia chwa, chwa, sakafuni
mwa duka la Bwana Farquhar.
Yeye anaita bidhaa. Mimi naita mitumba ya macho.

Ameweka mbili juu ya kitambaa cha kijani.

Hii, anasema, inavuta mara thelathini.
Anaiwasha: pua inachomoza, inachomoza tena,
konokono anayetafuta ugomvi.
Naielekeza nje. Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu,
mwanamke anapaka mkate siagi;
naona kisu, naona mpaka pete.
Naishusha haraka.
Macho hayana pazia, sawa,
lakini haya yanaingia ndani na viatu.

Ya pili haivuti kitu.
Lenzi moja, imetulia kama mtu aliyeshiba.
Ila kihisio chake kipana, anasema,
kinakunywa giza bila kukohoa.
Naipima: inaingia mfuko wa sare,
pale ninapoweka glavu na peremende za Bi Elspeth.

Bei? Mia na arobaini. Mia na tisini.
Nageuza pauni kuwa saa, ndiyo mazoea:
saa kumi na moja za kuinua watu vitandani,
au kumi na tano.

"Na simu yako?" anauliza, mwuzaji mkweli kuliko faida yake.
"Siku hizi zinapiga vizuri."
Zinapiga. Lakini yangu ina meneja ndani.
Nitaiinua mbele ya mawimbi, itatetemeka:
samahani, mwenzako anaumwa,
unaweza kuja kesho saa moja?
Nina siku tano tu, za kwanza tangu Februari ya mwaka juzi,
treni hadi Thurso, feri hadi Stromness.
Nataka kitu kinachopiga na kisichopigiwa.

"Unakwenda kupiga nini hasa?"

Nyumba moja.
Bi Elspeth, chumba namba saba, miaka tisini na mmoja,
alizaliwa humo.
Amenichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
mlango, ngazi nne, dirisha dogo juu ya maji.
"Usinipigie bahari," aliniambia,
"bahari naijua. Nipigie jikoni."

Jikoni.
Bwana Farquhar anaitazama ile yenye pua ndefu,
kisha anaitazama mvua.
Hakuna lenzi inayovuta jiko kupitia ukuta.

Nimesimama, kamera moja kila mkono,
kama mizani ya bucha.
Lugha yangu ina kitenzi kimoja kwa kazi zote hizi:
piga simu, piga picha, piga hodi.
Na hiyo ya tatu ndiyo inayonitia tumbo joto.
Miaka sita katika nchi hii
sijagonga mlango ambao silipwi kuugonga.
Kimoyomoyo naijaribu sentensi kwa Kiingereza changu cha kazini:
samahani, hamnijui,
naomba kuliona jiko lenu.
Inasikika kama wizi. Naijaribu tena, polepole.
Inasikika kama wizi wenye adabu.

Na jiko lenye dirisha dogo litakuwa na giza.

Nachukua isiyovuta.
Anapunguza pauni kumi bila kuombwa,
anaongeza betri ya akiba, imechoka kidogo,
"itakufikisha Inverness," anasema,
"baada ya hapo mtaelewana wenyewe."

Kituoni naiwasha.
Picha ya kwanza katika maisha yake mapya:
kioo cha kituo, matone, taa nyekundu ya lori,
na nusu ya kidole changu, kinene, hakina aibu.

Simu inatetemeka mfukoni.
Naiacha itetemeke.
Nasogea hatua mbili karibu na kioo,
nakitoa kidole,
napiga.